Mate kwa Mtoto wa Jirani

Nilipokuwa mtoto katika landhi za reli pale Nakuru, nilichukia vitu viwili: vumbi jeupe la magadi lililokuja kutoka ziwani wakati wa kiangazi, na mtoto mchanga aliyeitwa Mutua. Vumbi lilikuwa na msimu wake. Mutua alikuwapo kila siku.

Hakuwa amenikosea, maskini. Alikuwa mnene, mwenye nywele nyingi, na alikuwa na tabia moja iliyonichoma: alinyamaza mara tu mama yangu alipomchukua. Kwa mama yake alilia, kwa nyanya yake alilia, lakini kwa mama yangu alitulia na kumtazama kama watu wanaojuana tangu zamani. Wanawake wa landhi walicheka wakisema, "Huyu Mutua ana mama wawili." Mimi sikucheka. Nilikuwa na mama mmoja tu, na sikuona sababu ya kumgawa.

Landhi zilikuwa vyumba vilivyoshikana mistari mistari, chumba kimoja kwa familia moja, bomba moja la maji kwa mstari mzima, na jiko la makaa nje ya kila mlango. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Vyumba vingine vya upande wa chini vilibaki vitupu baada ya wenyewe kupakiwa kwenye malori ya serikali ya mkoloni na kurudishwa kwao. Tuliobaki tulikuwa watu wa magharibi kama sisi, watu wa Machakos kama akina Mutua, na wengine wachache. Baba yangu alikuwa fayamani, mchochea moto wa gari moshi, leo Kisumu, kesho Eldoret, akirudi ananuka mafuta na moshi. Mama alibaki na mimi, na mimi nilidhani hiyo inamtosha.

Haikumtosha. Mama alikuwa amejifungua mara moja tu, akanipata mimi Rebeka, na baada yangu hakuja mwingine. Watu wa kwetu walipomtembelea walimtazama tumbo kabla ya kumtazama uso. Hakulalamika. Alikuwa ameokoka katika ule uamsho uliokuwa ukiwasha watu moto kila mahali siku zile, na waliookoka hawakulalamika, waliimba. Lakini nilimwona akimwogesha Mutua kwenye karai, akimpaka mafuta katikati ya vidole kimoja kimoja bila haraka, na nilijua kwamba mimi sikuwahi kuogeshwa hivyo. Labda niliogeshwa, lakini nani anakumbuka?

Halafu kuna jambo la kofia. Mama alikuwa amepewa nyuzi za sufu za manjano katika darasa la kushona la kanisani, akaniahidi sweta. Asubuhi za Nakuru mnazijua zilivyo na baridi. Nilikuwa tayari nimewatangazia watoto wenzangu kuhusu sweta hilo, rangi yake na vifungo vyake. Nikarudi kutoka shuleni siku moja nikakuta nyuzi zimekuwa kofia, na kofia iko kichwani mwa Mutua.

"Wewe ni msichana mkubwa, Rebeka," Mama akaniambia. "Mtoto mdogo kichwa chake hupata baridi haraka."

Sweta lile sijalipata mpaka leo.

Mama Mutua, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, mdogo kwa Mama kwa miaka kadhaa. Walikuwa marafiki wa kweli. Waliazimana chumvi, ungo na kaa la moto, na waliokoka pamoja siku moja katika mkutano mmoja. Mutua alipozaliwa, mama mkwe wa Mama Mutua alikuja kutoka Machakos kumsaidia. Sote tulimwita Susu, yaani nyanya kwa lugha ya kwao. Alikuwa bibi wa maneno machache, masikio yametogwa matundu makubwa, na mchana kutwa alikaa juani mlangoni na mjukuu wake mapajani.

Susu alikuwa na sheria moja. Ukija kumsifu mtoto, ukisema amenona au ana nywele nzuri, basi umtemee mate kidogo kifuani, mate mepesi ya kunyunyiza tu. Kwao, jicho linalotamani linaweza kumwangusha mtoto hata kama mwenye jicho hakukusudia ubaya, na mate ya mwenye jicho ndiyo yanayomfungua mtoto. Kwetu magharibi jicho pia lipo, msidhani sisi tulikuwa salama, ila dawa yake ni nyingine. Wanawake wa landhi, wa kila kabila, walitema bila kubishana. Ni mate tu, nani atapungukiwa? Mama peke yake ndiye aliyekataa, kwa upole.

"Mimi namwombea, Susu," alisema. "Nimeokoka."

Susu alimtazama, akamfunika mtoto kwa leso.

Sasa, kila Jumatano alasiri waliookoka walikutana katika chumba kimoja cha mbele ya landhi. Kiongozi wao alikuwa Ndugu Yohana, karani wa mizigo stesheni, mtu msafi, mwenye sauti nzuri, aliyeamini kwamba shetani hukaa mahali pa giza tu. Kwa hiyo walikuwa na desturi ya kuleta mambo nuruni. Ukiwa na neno moyoni juu ya mwenzako, huendi kulisema kwa Mungu peke yake. Unasimama mbele ya ndugu wote, unamtazama yule mwenzako machoni, unalisema. Niliwasikia watu wazima wakiungama mambo pale ambayo mtoto hapaswi kuyasikia, na nilikuwa sikosi hata siku moja.

Jumatano hiyo Mama alisimama. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe kichwani. Mama Mutua alikuwa amekaa mkekani mbele yake, na Susu alikuwa nje mlangoni na mtoto, kwa sababu yeye hakuwa ameokoka na hakuwa na haraka.

"Mama Mutua, dada yangu," Mama akasema. "Nina neno na wewe. Kila nikimshika mtoto wako, moyo wangu unauliza kwa nini si wangu. Nikienda kulala nauliza. Nimekuonea wivu tangu siku uliyomzaa. Nakusalimia nikicheka, kumbe ndani nina wivu. Leo nimeuleta nuruni. Nisamehe."

Ndugu wakaanza kuimba. Wakamkumbatia Mama, wanawake wakalia, Ndugu Yohana akasema Bwana asifiwe mara nyingi. Mama Mutua naye alisimama akamkumbatia, lakini mimi nilikuwa nimekaa chini, na mtoto aliyekaa chini huona mikono ya watu. Mikono ya Mama Mutua haikufika mgongoni mwa Mama. Ilisimama njiani.

Huko nje Susu alimvuta kijana mmoja wa kwao, akamwuliza yule mama amesema nini. Kijana akamtafsiria. Susu akainuka na mtoto, akaenda zake.

Mimi nilirudi nyumbani nimevimba. Wengine wote waliona mwanamke aliyetakaswa. Mimi nilisikia mama yangu akitangaza mbele ya landhi nzima kwamba usiku analala akimtaka mtoto wa watu, na mimi niko pale pale, kwenye mkeka wangu, nimelala hatua moja kutoka kwake.

Kabla wiki haijaisha Mutua akashikwa na homa. Alikataa ziwa, akatapika, macho yakaingia ndani. Walimpeleka zahanati ya reli, akachomwa sindano, akarudi vilevile. Asubuhi iliyofuata Mama alifungua mlango akakuta kofia ya manjano imening'inizwa kwenye komeo. Aliishika kwa muda mrefu. Halafu akaitundika kwenye msumari ukutani, akachukua ndoo kwenda bombani.

Nilimfuata. Bombani wanawake walikuwa wakipiga gumzo. Mmoja alimgeuza mtoto wake wa mgongoni upande wa pili, mwingine akamfunika wake kwa leso mpaka kichwani. Hakuna aliyemtukana Mama. Walimwachia nafasi kubwa tu, hata akachota maji bila kupanga foleni, jambo ambalo halikuwahi kutokea pale landhi.

Niwaambie kosa lilikuwa wapi, maana nimelifikiria miaka mingi. Kanisa lilikuwa limemwomba mama yangu alete moyo wake nuruni, naye akauleta. Lakini watu walewale walioimba Jumatano walikuwa na masikio mawili, la mkutanoni na la nyumbani. La mkutanoni lilisikia toba. La nyumbani lilisikia mwenye jicho akijitaja mwenyewe.

Rafiki yangu Atieno alikataa kucheza nami. "Mama amesema hiyo jicho mtoto wa kike anachukua kwa mama yake," akaniambia akiwa mbali, na hakuniambia kwa ubaya, aliniambia kama habari. Nilikwenda nyumbani nikajitazama ndani ya ndoo ya maji. Macho yalikuwa yaleyale. Lakini nilikumbuka nilivyokuwa nikimtazama Mutua, na nikajiuliza kama watu hawajamkamata mtu asiyehusika. Maana kama wivu huua, wangu ulikuwa mkali kuliko wa Mama, na mimi sikuuleta nuruni.

Jumamosi jioni, jua likiwa bado liko, Susu alikuja mwenyewe mpaka mlangoni petu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota.

"Wewe nasema nataka hii mtoto," akamwambia Mama. "Mimi hapana kasirika. Jicho hapana kosa ya mtu. Kuja kesho, tema mate. Mtoto napona."

Akaondoka. Baba alikuwa nyumbani siku hiyo, amekaa kitandani na kikombe cha chai. Hakuwa mtu wa kelele.

"Ukitema umekubali," alisema. "Watasema, si unaona, alijua dawa ni yake. Hiyo jina haitatoka. Na huyu Rebeka ataolewa na nani?"

"Na nisipotema, mtoto akifa?"

"Basi watasema umemmaliza. Najua. Mimi nakuambia tu vile iko."

Kabla giza halijaingia akaja Ndugu Yohana, naye amesikia. Alikaa kwenye kigoda chetu akasema kwa huzuni ya kweli, sitamsingizia, kwamba mtu aliyeoshwa kwa damu hawezi kuinama tena mbele ya mambo ya mizimu. "Dada, ukitema mate pale, usisimame tena mbele ya ndugu kutoa ushuhuda. Utakuwa umerudi nyuma."

"Na mtoto, Ndugu Yohana?"

"Tunamwombea."

"Mimi pia namwombea," Mama akasema. "Tangu Alhamisi sijala."

Hivyo ndivyo alivyobanwa mama yangu. Akitema, anapoteza kanisa lake na jina langu linachafuka. Asipotema, mtoto anayempenda, tena nilijua anampenda kuliko alivyopaswa, anaweza kufa huku mama yake akiamini kwamba dawa ilikataa kuvuka ukuta mmoja. Sikusali usiku ule. Nilikasirika tu. Hata akiwa anakufa, Mutua alikuwa na mama yangu mzima mzima, na mimi sina hata nusu.

Asubuhi ya Jumapili Mama alivaa nguo yake ya kanisani na kitambaa cheupe. Akanishika mkono kwa nguvu. Tulitoka saa ileile watu wanapotoka kwenda ibadani, na nadhani alichagua saa hiyo makusudi ili asije akaonekana kama mtu anayenyemelea. Ndugu Yohana alikuwa uani na vitabu vyake kwapani. Wanawake walikuwa bombani. Tulipita katikati yao wote.

Mama Mutua alikuwa mlangoni amembeba mtoto. Sikumtambua mtoto vizuri, alivyokonda. Mutua hakuwa akilia tena, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu nilikuwa sijamjua bila kelele isipokuwa mikononi mwa Mama.

"Mama Mutua," Mama akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "mimi sina jicho. Wivu nilikuwa nao, nilisema mwenyewe mbele yako, na nilisema kwa sababu nakupenda. Nimeambiwa nikitema nimerudi nyuma. Labda ni kweli, Mungu atanihukumu. Lakini siwezi kukaa na mate mdomoni huku mtoto anakufa na wewe unayangoja."

Akamfunua Mutua kifua. Akainama, akatema mara moja, mate mepesi, akayapaka kwa kiganja polepole. Kisha mkono ukiwa bado kifuani akaomba kwa jina la Yesu, maombi mafupi sana kwa mtu wa uamsho. Ndugu Yohana alitazama chini.

Mama Mutua akaanza kulia. Alilia akiwa amesimama, mdomo wazi, kama mtoto.

"Si wewe," akasema. "Mama Rebeka, ngoja niseme na mimi. Mtoto yangu analia kwangu, analia mchana na usiku. Akija kwako ananyamaza. Mimi ndiye nimemzaa! Nilikuwa naona wivu mpaka nashindwa kukusalimia. Siku uliposema ile maneno, nilifurahi. Nilisema, kumbe ni jicho, kumbe ndiyo maana hanipendi. Nilitaka iwe ni wewe."

Hakuna aliyeimba. Haikuwa Jumatano, na hakukuwa na mkeka. Mama alimchukua Mutua kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine, uliokuwa umenishika mimi, akamshika Mama Mutua. Nikabaki nimesimama pale, mkono wangu una joto lake. Walikaa chini kwenye kizingiti, na kengele ya kanisa ikalia, na hawakuinuka.

Mutua alipona. Homa ilishuka polepole, akaanza kunyonya, akaanza na kelele zake. Mhudumu wa zahanati alisema sindano imefanya kazi, kwani yeye alisema tangu mwanzo kwamba dawa huchukua muda. Ndugu walisema ni maombi.  Susu aliingia kwetu bila kubisha, akaichukua kofia ya manjano kwenye msumari, akaenda kumvisha mjukuu wake. Mimi niliyekuwa nimeanza kuihesabu kama sweta langu nilimtazama akitoka nayo.

Kila mtu alipata alichotaka kuamini, na Mama akalipa. Ndugu Yohana alimwambia akae nyuma mkutanoni, asitoe ushuhuda mpaka Roho atakaposema. Mama akakaa nyuma. Roho alichukua muda mrefu kusema, au Ndugu Yohana alikuwa mzito wa kusikia. Mama Mutua naye akahama mkeka wake wa mbele akaenda kukaa nyuma karibu na Mama, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini. Baba naye hakukosea. Nilipokuwa msichana wa kuolewa, kijana mmoja niliyempenda alileta wazee wake landhi kuulizauliza, nao hawakurudi. Niliolewa baadaye na mtu mwingine, mwema, lakini yule wa kwanza alikuwa na mabega mapana na mimi bado nayakumbuka.

Mama hakupata mtoto mwingine. Alikuwa na Mutua. Mutua alipokuwa akienda kufanya mtihani alikuja kwa Mama, akafungua kifungo cha juu cha shati, akainama atemewe. Alipopata kazi Mombasa alikuja. Alipooa alikuja na bibi arusi, wote wawili wakainama, na Mama akawatemea akicheka, na Mama Mutua pembeni akipiga makofi. Watu waliokuwa wakisimama mbali na Mama bombani wakawa wanaleta watoto wao pia, eti mate yake yana baraka. Mimi nilikuwa nikipika chai ya wageni hao wote, nikibamiza sufuria zaidi ya ilivyohitajika.

Kwa maana mimi Mama hakuwahi kunitemea. Si nilipokwenda shule ya bweni, si nilipoolewa, si nilipojifungua. Aliniombea, ndiyo, lakini maombi alimwombea kila mtu, hata ng'ombe wa jirani.

Miaka yake ya mwisho aliishi kwangu, hapa Nakuru, mtaa wa Section 58. Siku moja nilikuwa namwogesha. Alikuwa amekuwa mwepesi, nikawa nampaka mafuta vidoleni, na hasira yangu ya zamani ikapanda bila kuitwa. Nikamwuliza.

"Mama, Mutua umemtemea mate maisha yake yote. Mimi mbona hujawahi hata mara moja?"

Alishangaa kwelikweli. Alinitazama kama nimeuliza kwa nini hajawahi kuninunua dukani.

"Mtu anamtemea mtoto wa mwenzake, Rebeka," akasema. "Unatema ili ile tamaa itoke, usimchukue moyoni kama wako. Wewe ningekutemea kwa nini? Wewe ulikuwa wangu."

Akanyoosha mkono wa pili nimpake.

Nimeizungusha sentensi hiyo kichwani tangu siku ile. Kumbe yale niliyokuwa nikiyaona ni mapenzi kwa Mutua, na yalikuwa mapenzi, yalikuwa pia kazi ya kumrudisha kwa mama yake kila mara. Alimpenda na kumwachilia, akampenda na kumwachilia, mbele ya macho yangu, na mimi nikahesabu kupenda tu. Imani yake ilikuwa hiyo. Ndugu Yohana alifundisha kusema ukweli mbele za watu, na hilo ni jambo kubwa, silibezi. Lakini Mama alijua kwamba baada ya kusema, bado kuna kizingiti cha jirani cha kuvuka, na huko huvuki na wimbo.

Tulipomzika, Mutua alilia kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote, mzee mzima mwenye mvi, na watu waliomfariji walikuwa wengi kuliko walionifariji mimi. Nilimwangalia na nikasikia ule wivu wa zamani ukiinuka. Nikamwita, nikamwambia ainame. Alidhani nina siri ya kumwambia. Akainama, nami nikamtemea.